Karamu ya Watu Wawili

Masomo: Mwanzo 18:1–10, 1 Samweli 1:4–8, Yohana 21:1–15.



Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya jambo ambalo wengine watasema halina mahali katika mahubiri. Ni habari ya mume kumwandalia mkewe chakula cha jioni nyumbani mwao, wakaketi wawili peke yao, wakala pamoja. Najua wako watakaocheka. Wengine watasema, Mambo hayo ni ya sinema, ni ya watu wa mjini wenye fedha. Basi fungueni Biblia zenu kwanza, mwone ni mara ngapi Mungu alifanya kazi yake mahali penye chakula. Kisha mcheke, kama bado mtaiona sababu.

Twende kwanza penye mialoni ya Mamre. Ibrahimu aliketi mlangoni pa hema yake wakati wa jua kali, akaona wageni watatu. Someni taratibu, mwone jinsi mzee yule alivyofanya haraka. Alipiga mbio kuwalaki, akaharakisha kwenda hemani kwa Sara, akamwagiza vipimo vitatu vya unga vikandwe, akakimbilia kundi la ng'ombe kuchagua ndama, na kijana wake naye akafanya haraka kumtengeneza. Chakula kikawekwa chini ya mti. Wageni wakala, naye Ibrahimu akasimama karibu nao. Na Sara je? Sara aliyekanda unga yumo hemani. Desturi hiyo twaijua sana hapa pwani: wanaume barazani, wanawake uani. Lakini wageni wale walipokuwa wakila waliuliza habari za mke wa mwenye nyumba, tena wakamtaja kwa jina lake. Chakula kilikuwa chema, heshima ilikuwa kamili. Hata hivyo ujumbe ule haukusemwa kwanza mpaka Sara ametajwa, kwa maana ujumbe wenyewe ulikuwa wake.

Swali lile lingali likiulizwa katika nyumba zetu. Siku ya Krismasi, siku ya kipaimara, siku mchungaji ajapo kuutazama mtaa, meza yatandikwa, wazee waketi, sala ya chakula yaombwa. Mke wa mwalimu aisikia sala ile kwa dirisha la jiko, macho yakimchuruzika machozi kwa moshi, mkononi ameshika mwiko. Asema Amina huku akigeuza wali. Nimewajua wake wa walimu waliolisha watu wengi kuliko wawezao kuwahesabu, ambao katika ndoa yao yote hawajala chakula wasichokipika wenyewe ila siku walizougua na siku walizojifungua.

Sineni haya ili niidharau desturi ya wazee wetu. Kula barazani kuna wema mkubwa. Mtu akipita njiani aitwa, Karibu chakula. Msafiri, kijana asiye na kazi, mzee aliyefiwa na mkewe, wote wapata tonge katika sinia moja, wala hapana amwulizaye mwenziwe habari ya dini yake. Nyumba itakayoliacha baraza, ikajifungia kila siku na vyakula vyake, itapoteza zaidi ya itakachopata. Mimi nawaomba jioni moja, na baada ya miezi kadha jioni nyingine. Jioni hizo zilizosalia mwaka mzima, baraza na liwe na watu wake.

Mlipokuwa mkifundishwa kabla ya kipaimara, mlijifunza kwa moyo jinsi Daktari Martin Luther alivyolieleza ombi la nne la Sala ya Bwana katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529. Alipouliza mkate wa kila siku maana yake nini, hakukoma penye unga. Alihesabu chakula na kinywaji, mavazi, nyumba, shamba, mifugo na fedha, na katika hesabu ile ile akamtia mwenzi mwema wa ndoa. Basi twaombapo ombi lile, twamwomba Mungu samaki na mke kwa neno moja. Kwa ajili ya samaki twashukuru kila siku, mbele ya sahani, vichwa vimeinama. Kwa ajili ya mke twashukuru lini? Wengi wetu twangoja mpaka siku ya maziko, ndipo twasimama mbele ya watu na karatasi mkononi, tukasema alikuwa mwema.

Luther mwenyewe alimwoa Katharina von Bora tarehe 13 Juni 1525. Walikaa Wittenberg katika nyumba iliyokuwa ya watawa, na meza yao ilijaa wanafunzi, yatima, wageni na wapangaji. Wanafunzi waliyaandika maneno ya bwana wao hata pakatoka kitabu kikubwa kilichopigwa chapa mwaka 1566. Katharina hakuwa jikoni tu siku zile. Alikuwapo mezani, akiuliza na kujibu, na maneno yake mengine yameandikwa pamoja na ya mumewe. Tena ndiye aliyelima bustani, akafuga wanyama, akapika bia, akashika hesabu ya nyumba. Mwaka 1534 Luther alipokuwa safarini mjini Dessau, alimwandikia barua kwamba kinywaji cha huko hakimpendezi, akakumbuka divai na bia njema iliyoko nyumbani, na mke mzuri aliye pamoja navyo. Habari ya bia na ibaki huko huko Ujerumani. Mimi nashika habari ya mke. Mtu yule aliyemweka mwenzi wa ndoa katika hesabu ya mkate wa kila siku, katika barua yake naye alimkumbuka mkewe pamoja na kinywaji cha nyumbani, wala hakuona haya kumwambia.

Najua kinachomzuia mwanamume wa Zinga. Kwanza atasema ni fedha, lakini fedha ya samaki mmoja huipata. Kinachomzuia ni jirani. Aogopa kuonekana ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi hali mkewe amekaa kwenye mkeka. Kwa maana kabla ya jua kuchwa habari itafika kisimani na sokoni kwamba fulani amelishwa limbwata, akili si zake tena. Nimesikia hata Wakristo wakisema hivyo, watu waliokataa uganga siku ya ubatizo wao, tena wakiona tendo la upendo hawawezi kulieleza ila kwa uganga!

Ninyi wavuvi, sikilizeni habari ya ufuo wa bahari ya Tiberia. Wanafunzi walivua usiku kucha wasipate kitu. Kulipopambazuka, mtu aliyesimama ufuoni akawaambia walitupe jarife upande wa kuume, wakapata. Nao waliposhuka pwani waliona moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Ni nani aliyeukoka moto ule? Ni Bwana, aliyekwisha kufufuka, aliyeshinda mauti. Mikono iliyopigwa misumari ilipanga makaa na kugeuza samaki. Hapana aliyesema pale kwamba amepungukiwa na utukufu. Wavuvi wa Mbegani na wa Mlingotini wajua jinsi ilivyo kutoka baharini alfajiri, nguo zimelowa, mwili umechoka, ukakuta mtu amekwisha kuwasha moto kwa ajili yako.

Na mkeo je, yeye hatoki baharini? Wanawake wengi wa Mlingotini walima mwani. Maji yakipwa washuka, wainama katika maji ya chumvi saa nyingi wakifunga vipando kambani, migongo yauma, miguu yachomwa na miba ya bahari. Wale wasiolima mwani watoka shambani na mhogo, au sokoni na ndoo. Wote warudi nyumbani wakaukute moto umezimika, nao ndio wauwashao. Basi utakapoketi penye makaa, ukisikia kicheko nje ya ua, mkumbuke aliyekoka moto ufuoni kabla yako.

Sasa nitasema jinsi ya kuandaa, maana walimu wengine wameniambia, Neno hili tunalikubali, lakini hatujui pa kuanzia.

Chagua siku. Hapa pwani siku haichaguliwi kwa kalenda ya ukutani tu. Mwezi uwapo mpevu, wavuvi wa dagaa hukaa nyumbani, kwa sababu taa zao hazina nguvu penye mbalamwezi. Lakini siku zizo hizo ni za bamvua, maji hupwa mbali, na wanawake wa mwani huwa na kazi nyingi kuliko siku zote. Mume ana nafasi, mke amechoka. Ngoja bamvua lipite, maji mafu yaanze, wala taa za dagaa hazijarudi baharini kwa wingi. Siku ya tano au ya sita baada ya mwezi mpevu wote wawili huwa wamepumzika. Mwambie siku tatu mbele. Wako wasifuo jambo la ghafula, lakini mwanamke aliyekwisha kuloweka maharage na kuahidi kumsuka jirani nywele hafurahii sana kushtukizwa. Na asiambiwe tu aje ale. Aambiwe waziwazi kwamba siku ile hatapika.

Habari ya fedha ni fupi: usikope. Twaona siku hizi, hasa tarehe 14 Februari, vijana wakichukua mkopo ili wampeleke mtu hotelini Bagamoyo, wapigwe picha, na mwezi wa tatu wote nyumba yala ugali na chumvi. Fedha ya kikoba nayo usiiguse. Mara nyingi ni akiba ya mkeo, na ni ajabu kukopa kwake ili umlishe.

Watoto wapelekwe kwa bibi yao mapema, wakiwa wameshiba, wala wasifukuzwe kama kuku. Mama yako mzazi akikaa nanyi, apakuliwe yeye kwanza, na wewe mwenyewe umpelekee na kumwambia, Mama, leo nitakula na mwenzangu. Nawe utashangaa jinsi wazee wengi watakavyolipokea neno hilo kwa furaha. Mtu akipiga hodi, apewe sahani yake barazani. Tena, kama ni mwezi wa Ramadhani, usibanike samaki mchana hata harufu ikaingia nyumba ya jirani afungaye. Ngoja jua lichwe, na kipande kimoja kipitishwe uani kwake kwa futari.

Kupika kuna kazi, na kazi yenyewe ndiyo zawadi. Kwa hiyo asiyejua kukuna nazi na ajifunze majuma mawili mbele, kwa mama yake au kwa dada yake. Mwanamume akienda mnadani mapema hupata changu mbichi, macho yang'aa, mashavu mekundu. Na ampare magamba, amtoe matumbo, amchanje ubavuni, amtie chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, amwache akolee. Nazi mbili zatosha watu wawili wenye njaa. Tui la kwanza, lililo zito, aliweke kando. La pili na la tatu apikie wali, na maji yakiisha kukauka apalie makaa juu ya mfuniko. Samaki abanikwe kwa moto wa makaa usio mkali. Tui zito nalo lichemshwe pamoja na bizari, pilipili na maji ya ukwaju, akilikoroga pasipo kuacha lisikatike, kisha alipake juu ya samaki mara mbili tatu mpaka lishike. Hiyo ndiyo samaki ya kupaka, ambayo mkeo amekupikia mara nyingi. Na mtu akiisha kukuna nazi mbili na kuzikamua katika kifumbu, mikono ikamwuma, hatasema tena kwamba mkewe ashinda nyumbani bure.

Wakati samaki akolea, teka maji, yapashe moto, umwekee bafuni. Tandika mkeka uliofagiliwa vema, au meza kama mnayo. Weka taa. Kidogo cha asumini katika kisahani hakina gharama, na wanawake wa pwani hawahitaji kuelezwa maana yake. Simu zote mbili zizimwe zikae kabatini, kwa sababu simu ni mgeni asiyepiga hodi.

Sala na iwe fupi. Mwalimu mwenye mazoea ya kuhubiri na ajizuie. Mshukuru Mungu kwa chakula, kisha mshukuru kwa mkeo, ukimtaja jina lake alilobatizwa, si Mama Fulani. Katika nyumba nyingi kipande kinono chamfikia mwanamume bila mtu kuuliza. Jioni hii yeye achague kwanza.

Na hapa twafika penye jambo gumu kuliko nazi. Katika kitabu cha Samweli twasoma habari za Elkana. Alimpenda Hana, na siku ya dhabihu alimpa sehemu yake ya chakula kwa upendo. Hana akalia, asile. Elkana akamwuliza sababu ya kulia, na sababu ya kutokula, na sababu ya huzuni yake. Na kabla hajajibiwa akaongeza swali la nne, kwamba je, yeye si bora kwake kuliko wana kumi? Maswali manne, wala hatukuandikiwa jibu hata moja la Hana. Sisemi Elkana alikuwa mtu mbaya. Wanaume wengi hawafiki hata penye swali la kwanza. Lakini Hana aliondoka, akaenda akalimimina neno lake mbele za Bwana, na mumewe, aliyemlisha vema, hakulisikia. Kwa hiyo mume na aulize swali moja, kisha angoje. Kimya kikiwa kirefu, kiwe kirefu. Tui halitapoa kwa dakika tano. Na Bwana wetu ufuoni hakumwuliza Petro habari ya upendo kabla ya chakula. Alingoja mpaka walipokwisha kula.

Nalimwuliza mzee mmoja, aliyemzika mkewe baada ya ndoa ya miaka mingi, mkewe alipenda samaki gani. Alifikiri kitambo. Akasema, “Mchungaji, mimi alinipikia kolekole, kwa sababu mimi napenda kolekole. Yeye sijui, hakula mbele yangu.” Alikuwa mtu mwaminifu, hakumpiga mkewe, hakumnyima nguo, na kila Jumapili walitembea pamoja kwenda ibadani, yeye mbele, mkewe nyuma.

Liko neno moja zaidi, nalo sitalificha. Kama umemkosea mkeo, kama umempiga, au una mwanamke mwingine, usije kwake na samaki. Bwana alisema katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, kwamba mtu aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, aende kwanza apatane na ndugu yake. Ikiwa sadaka ya Mungu yaweza kungoja, changu aweza kungoja vilevile. Ungama kwanza, tubu, acha dhambi yenyewe, na kama kuna madhara mwende kwa mchungaji na kwa wazee wake. Yakobo alimwendea baba yake kipofu na chakula kitamu ili amdanganye, na udanganyifu ule ulimfukuza nyumbani kwa miaka mingi. Wala chakula hiki si cha kudai malipo usiku ule. Mke akila, akashukuru, akalala kwa uchovu wake, chakula kimefanya kazi yake.

Akina mama wataniuliza, Na sisi je, haturuhusiwi kuwaandalia waume zetu? Someni Esta. Alikuwa hajaitwa kwa mfalme siku 30, akaandaa karamu, tena ya pili siku iliyofuata, kabla ya kulisema neno lililokuwa moyoni. Mwanamke ambaye mumewe amekuwa kimya mwezi mzima ataielewa sura ile kuliko mimi. Nao wajane, na wale ambao wenzi wao wako mbali kwa kazi, wasiachwe kula peke yao kila jioni. Mkeka wenu wawatosha watatu, siku nyinginezo zote.

Vyombo navyo vioshwe usiku ule ule, na aoshaye ni mume. Sufuria ya tui ikilala huchacha, na alfajiri atakayetangulia kuamka na kuikuta ni yeye.